Nyama ya friza kupitishwa kwenye mionzi: inaua nini, inaacha nini?

Mnofu_wa_Ziwa

Wakuu, salaam. Nilifanya kazi miaka kumi na mmoja katika kitengo cha ubora cha kiwanda kimojawapo cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na sasa nina chumba changu cha baridi upande wa Nyakato, ambamo nahifadhi nyama ya ng'ombe, mbuzi na kuku kwa ajili ya hoteli na kambi za watalii za njia ya Serengeti. Mwezi uliopita mteja mmoja alinirudishia katoni kumi na nne za nyama ya kusaga baada ya maabara kukuta salmonela, yaani bakteria wa kuharisha, na katika barua yake akaniuliza kwa nini sisi wa Kanda ya Ziwa hatupitishi nyama iliyogandishwa kwenye mionzi kama inavyofanyika kwao Marekani. Sikumjibu siku ile. Nimesoma, nimeuliza wanaojua kunishinda, na nimeona niyaweke hapa yachambuliwe kabla sijaandika jibu.

Nianze na jambo ambalo wengi wetu wenye mafriza tunajidanganya nalo. Baridi haisafishi nyama. Minyoo ndiyo inayokufa kwa baridi, kwa maana vifuko vya tegu vilivyomo ndani ya nyama huangamia ikikaa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku kumi mfululizo, na hilo wakaguzi wetu wanalijua miaka mingi. Salmonela na E. coli ni watu wa namna nyingine: baadhi hufa wakati wa kuganda, lakini waliobaki wanalala tu, na siku nyama inapoyeyuka wanaamka wakiwa na njaa. Nyama ya kusaga inaongeza ubaya huo, kwa sababu uchafu uliokuwa juu ya kipande unaingizwa katikati na mashine, na ndani ya katoni moja kunaweza kuwa na nyama ya ng'ombe wengi wasiofahamiana.

Mionzi inayozungumzwa ni ya aina tatu: miale ya gama inayotoka kwenye kobalti-60 au sesiamu-137, elektroni zilizoharakishwa na mashine, na eksirei. Kipimo chake kinaitwa grei, na grei moja ni joule moja ya nishati iliyomezwa na kilo moja ya nyama. Marekani iliruhusu nyama nyekundu Desemba 1997, ikaweka kikomo cha kilogrei 4.5 kwa nyama iliyopozwa tu na kilogrei 7 kwa iliyogandishwa. Nilipoliona hilo nilikwama. Kwa nini iliyogandishwa ipewe zaidi, wakati bakteria wake tayari wamedhoofishwa na baridi? Mwalimu wetu wa fizikia akiwa humu, naomba atusaidie.

Bucha_Igoma

Mkuu, mimi ni mtu wa bucha, elimu yangu ya mionzi ni ya kupigwa picha ya mguu tu. Swali langu ni moja. Watu wa Tume ya Nguvu za Atomu wanapima vyakula vinavyoingia na kutoka nchini ili kuhakikisha kwamba havina mionzi, na mfanyabiashara asiye na cheti chao mzigo wake hauendi. Leo wewe unataka tuipeleke nyama kwenye mionzi kwa hiari yetu. Je, hiyo nyama nikiitundika hapa Igoma, nitamwambia nini mama anayekuja kununua nusu kilo ya watoto wake?

Nusu_Uhai

Salaam, ndugu zangu. Nimeitwa, nimekuja. Naomba nianze na swali la ndugu yetu wa bucha, kwa sababu lisipojibiwa hili mengine hayatasikilizwa.

Kuna vitu viwili ambavyo Kiswahili chetu kinaviita kwa neno moja. Cha kwanza ni chakula kilichoingiwa na mata zenyewe zinazotoa mionzi. Ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986 ilimwaga sesiamu-137 juu ya malisho ya Ulaya, ng'ombe wakaila pamoja na majani, ikaingia kwenye maziwa na nyama. Anayekula chakula hicho anabeba chanzo cha mionzi tumboni mwake, na hicho ndicho Tume inachokitafuta. Cha pili ni chakula kilichopita mbele ya chanzo bila kukigusa. Kobalti imefungwa ndani ya fimbo za chuma, nyama imo ndani ya katoni yake, na kinachovuka kutoka huku kwenda kule ni nishati peke yake.

Hapa Mwanza tuna mfano ulio karibu zaidi kuliko vitabu. Pale Bugando wagonjwa wa saratani wanatibiwa kwa mashine ya kobalti-60. Mgonjwa akimaliza, anashuka kilima, anapanda daladala, na anakaa ubavuni mwako hadi Buhongwa; wewe hupati chochote kutoka kwake, kwa sababu miale ilipita na kobalti ikabaki kwenye mashine. Ni kweli kwamba miale yenye nguvu kubwa mno inaweza kuvuruga kiini cha atomu na kukifanya kiwe chenye mionzi, na ndiyo sababu viwango vya kimataifa vya chakula viliweka kikomo cha MeV 10 (MeV ni kipimo cha nguvu ya miale) kwa elektroni na MeV 5 kwa eksirei. Miale ya kobalti-60 ina MeV 1.17 na 1.33, yaani iko chini sana ya mahali ambapo jambo hilo lingeanza kutia wasiwasi.

Sasa swali la mwenye uzi, ambalo ni zuri kuliko alivyodhani. Mionzi inamuua bakteria kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuipiga DNA yake moja kwa moja na kuikata, asiweze tena kugawanyika. Njia ya pili inapitia kwenye maji. Nyama isiyo na mafuta mengi ni maji kwa kiasi kinachokaribia robo tatu, na mwale ukigonga molekuli ya maji huivunja vipande vikali visivyotulia, ambavyo huogelea na kushambulia chochote kilicho karibu, ikiwemo DNA ya bakteria. Nyama ikiganda, vipande hivyo vinanaswa ndani ya barafu palepale vilipozaliwa; haviogelei, haviendi popote. Njia ya pili inakuwa imefungwa kwa sehemu kubwa, na bakteria yuleyule anahitaji kipimo kikubwa zaidi ili afe. Lakini barafu hiyohiyo inayomlinda bakteria inayalinda pia mafuta na ladha ya nyama, kwa sababu vipande vile vikali ndivyo vinavyoyachachua mafuta na kuleta harufu mbaya. Ndiyo maana nyama iliyoganda inahitaji kipimo kikubwa, na papo hapo inakivumilia.

Kuhusu joto msiwe na shaka. Kilogrei 7 ni kilojoule 7 kwa kila kilo, na hizo zinapandisha joto la nyama iliyoganda kwa nyuzi tatu hivi. Nyama iliyoingia ikiwa na nyuzi 18 chini ya sifuri inatoka bado ni jiwe.

Bucha_Igoma

Mwalimu, la daladala nimelielewa. Sasa unieleze inaua wangapi. Wote?

Nusu_Uhai

Hapana, ndugu yangu, na hapa ndipo wauzaji wa teknolojia hupenda kupita haraka. Wataalamu wanahesabu kwa kumi: wanatafuta kipimo kinachoua tisa katika kila bakteria kumi. Kwa E. coli aina ya O157:H7 ndani ya nyama ya kusaga iliyogandishwa, kipimo hicho ni kama kilogrei 0.3. Chukua bakteria milioni moja: kipimo cha kwanza kinaacha laki moja, cha pili elfu kumi, cha tatu elfu moja, na baada ya sita umebaki na mmoja. Sita mara 0.3 ni kilogrei 1.8, kwa hiyo huyo anashughulikiwa mbali kabla ya kufika 7. Salmonela ni mgumu zaidi, anahitaji kati ya 0.6 na 0.8, na kumpunguza kwa kiwango hichohicho unafika kilogrei 4 na kitu. Bado umo ndani ya kikomo.

Mbegu za klostridia, yaani bakteria wanaojifunga ndani ya ganda gumu, ni habari nyingine kabisa. Kumwondoa kabisa *Clostridium botulinum*, mmoja wa jamii hiyo mwenye sumu kali, ndani ya nyama iliyogandishwa kunahitaji zaidi ya kilogrei 40, na kipimo cha namna hiyo wamekitumia kwa chakula cha wanaanga wa Marekani, nyama ikawekwa kwenye kabati bila friza. Virusi navyo ni vigumu. Sumu ambayo bakteria aitwaye stafilokoka ameshaimwaga ndani ya nyama haiguswi kabisa: aliyeitengeneza atakufa, sumu itabaki.

MamaKuku_Buhongwa

Mwalimu na kaka Mnofu, shukrani kwa somo. Mimi nafuga kuku wa nyama na nawauza wakiwa wamegandishwa, na wateja wangu ni mama lishe na wenye baa, watu ambao pua zao hazina mchezo. Mmetaja harufu halafu mkapita. Inanukaje? Na rangi? Maana kuku akibadilika rangi kidogo tu, mteja anasema amekufa kibudu.

Mnofu_wa_Ziwa

Dada, hilo nililisoma kwa makini kwa sababu nami biashara yangu inasimamia hapo. Walioonja wanaieleza kama harufu ya manyoya yaliyoungua au ya mbwa aliyelowa, na inatokana hasa na mafuta na protini zenye salfa. Inategemea kipimo, mafuta yaliyomo, hewa iliyomo kwenye mfuko na baridi wakati wa kazi. Nyama iliyogandishwa sawasawa, ikafungwa kwenye mfuko ulioondolewa hewa, ikapewa kipimo cha wastani, hutoka bila harufu ya kusumbua, na kiasi kilichopo hupungua kwenye kupika. Upande wa rangi, kuku mbichi anaelekea kuwa wa waridi zaidi, na kwa wateja wako huenda hilo likawa faida, ila rangi hiyo inaweza kubaki hata baada ya kupikwa, na mteja akadhani hajaiva. Nyama ya ng'ombe inaweza kugeukia kahawia. Vitamini B1 ndiyo inayoumia kuliko nyingine, na hapa pia kugandisha kunapunguza hasara.

Kitu kimoja kinachonichekesha: mifupa ya kuku huyo hutunza alama ya mionzi, na maabara yenye mashine inayostahili inaweza kuisoma alama hiyo. Muuzaji asiyetaka kuandika kwenye lebo atashitakiwa na mfupa.

Ukara_Kisiwani

Nimewasoma wote kwa utulivu, na ninaona mnapewa upande mmoja wa habari. Mwaka 2009 Australia ilipiga marufuku kupitisha chakula cha paka kwenye mionzi baada ya paka wengi kupooza miguu ya nyuma. Tena mafuta yaliyopigwa mionzi yanazaa kemikali ambazo hazipatikani kwenye nyama iliyopikwa kwa moto, na wataalamu wa Ulaya wamezijadili kwa miaka. Nani atatuhakikishia kwamba watoto wa Kisiwani watakuwa na bahati kuliko wale paka?

Nusu_Uhai

Ndugu wa Ukara, yote mawili uliyoyasema ni ya kweli na nisingependa yapuuzwe. Tofauti iko kwenye namba. Chakula kile cha paka kilikuwa kikavu, kilipewa kilogrei 50 na zaidi kwa amri ya karantini, na paka wale walikula chakula hicho tu kila siku. Nyama tunayoizungumza inapewa 7 au chini yake, na hakuna anayeila asubuhi, mchana na jioni bila ugali. Kemikali za mafuta unazozitaja zinaitwa alkilisiklobutanoni. Zipo kwa kiasi kidogo sana, na ndizo hizohizo maabara huzitumia kutambua nyama iliyopigwa mionzi. Kamati ya wataalamu ya FAO, IAEA na WHO, yaani mashirika ya kimataifa ya chakula, nguvu za atomu na afya, iliyokutana mwaka 1980 ilihitimisha kwamba chakula kilichopewa wastani usiozidi kilogrei 10 hakina hatari ya sumu, na mwaka 1997 kundi lingine liliangalia hata vipimo vya juu ya hapo bila kukuta sababu ya kuweka ukomo wa kisumu.

Naongeza la pembeni, kwa sababu wengi mnadhani mambo haya ni ya nje tu. Mbung'o wa Unguja walitokomezwa kwa mionzi ya gama. Madume yalizalishwa Tanga, yakapigwa mionzi hadi yakawa tasa, yakamwagwa kisiwani kwa ndege kuanzia mwaka 1994, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Wafugaji wa Unguja wanakunywa maziwa ya ng'ombe ambao mionzi iliwaokoa na nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na sijasikia mtu akiyaogopa maziwa hayo.

Ukara_Kisiwani

Namba zako nazikubali, mwalimu. Kutokuwa na imani na atakayezisimamia namba hizo bado ninako.

Mkaguzi_Mstaafu

Vijana wangu, habari za leo. Nilikagua nyama na samaki katika mkoa huu tangu nikiwa na nywele, na naomba mnivumilie nikiandika kwa urefu, kwa sababu mnalijadili tundu la mwisho la wavu huku samaki wanatokea tundu la kwanza.

Mnaokumbuka mwaka 1997 mnajua. Salmonela ilikutwa kwenye minofu ya sangara iliyokwenda Ulaya, mizigo ikaanza kukataliwa. Kabla hatujapumua, kipindupindu kikaingia Afrika Mashariki na mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi wa kwetu, Kenya na Uganda. Mwaka 1999 likaja zuio la tatu, la sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia. Watu wa viwandani waliachishwa kazi, na sangara walishuka bei mwaloni hadi mvuvi akaona mafuta ya injini ni ghali kuliko samaki wenyewe. Siku zile palikuwa na waliosema: si tupige mionzi yaishe? Jibu lilikuwa kwamba mnunuzi mwenyewe hataki. Ulaya orodha yake ya pamoja, hadi leo, ina viungo na mimea mikavu ya harufu peke yake. Mengine yanabaki kwa nchi mojamoja zilizokuwa na ruhusa zake za zamani. Kinachonishangaza ni kwamba nyama iliyopigwa mionzi kwa wingi kule ni miguu ya vyura iliyogandishwa, na kazi hiyo inafanyika Ubelgiji. Mzungu anamwogopa sangara, chura anampitisha.

Kilichotutoa shimoni ni kazi ya kuchosha. Mialo ikasakafiwa na kupewa maji safi, maboti yakawekewa barafu, viwanda vikalazimishwa kubainisha kila hatua yenye hatari na kuiandika, na hapo Nyegezi ikawepo maabara ya kupima. Maabara haifanyi samaki awe safi, lakini inamnyima mchafu pa kujificha.

Sasa nije kwenye mionzi yenyewe. Siipingi. Wamarekani walikuwa na sababu nzito: mwaka 1993 zaidi ya watu 700 waliugua kutokana na nyama ya kusaga isiyoiva vizuri katika migahawa ya haraka, na watoto wanne wakafa. Kwa nyama ya kusaga, ambayo huwezi kuiosha wala kuikagua kwa macho, sijaona hatua nyingine inayomfikia bakteria ndani ya katoni iliyofungwa na kugandishwa bila kuifungua. Hilo ni jambo kubwa na ninalisema bila kusita.

Lakini sikilizeni linalonitia hofu. Nyama ikianza kuharibika ina adabu moja: inanuka. Bakteria wanaoinukisha ni dhaifu mbele ya mionzi, wanakufa wa kwanza. Mbegu za klostridia zinabaki. Ikiwa nyama hiyo imefungwa kwenye mfuko usio na hewa, na njiani friza ikazimika, anayeamka ni yule mwenye sumu, na yule ambaye angetuonya kwa harufu hayupo tena. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri haoti, sawa. Mimi nauliza: ni nani kati yetu anayeweza kuapa kwamba nyama yake haijawahi kutoka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri tangu inapoondoka Nyakato hadi inaposhushwa Nansio? Umeme unakatika saa nne, jenereta halina mafuta, kijana anaacha mlango wazi akihesabu katoni, kisha boti inakaa juani ikisubiri abiria. Nyama inalainika, inagandishwa tena, na kwa macho huoni tofauti isipokuwa maji mekundu yaliyoganda chini ya mfuko. Hata mmoja aliyenusurika anatosha. E. coli katika joto linalomfaa anagawanyika kila dakika 20 hivi, na kwa hesabu hiyo ndani ya saa saba mmoja amekuwa zaidi ya milioni mbili.

Kiwango cha kimataifa cha vyakula vilivyopitishwa kwenye mionzi, kilichowekwa mwaka 1983 na kupitiwa upya 2003, kinasema wazi kwamba mionzi haichukui nafasi ya usafi. Nimekuwa mkaguzi, na najua jinsi mtu anavyofikiri akishajua kwamba mwishoni kuna kitu cha kumsafishia. Anaacha kunoa kisu, anaacha kufunga utumbo kabla ya kuukata, kinyesi kikimwagikia nyama anasema huko mbele kitauawa.

MamaKuku_Buhongwa

Shikamoo mzee. Umenigusa kwenye maji mekundu chini ya mfuko. Nimeyaona mara nyingi nikadhani ni kuku mwenye damu nyingi.

Mkaguzi_Mstaafu

Marahaba, binti yangu. Weka chupa ndogo ya maji ndani ya friza, ikishaganda ilaze ubavu. Ukikuta barafu imehamia ubavuni, ujue iliyeyuka ukiwa umelala.

Bucha_Igoma

Tuseme sote tumekubali. Kiwanda chake kinagharimu nini, na kwa nini hapa kwetu hakipo?

Nusu_Uhai

Bei sitaitaja, nitataja kinachoipandisha. Hapa Mwanza hatuna kiwanda cha namna hiyo. Barani kwetu Afrika Kusini na Ghana wanavyo vya miale ya gama. Chumba chake kina kuta za zege zinazokaribia unene wa mita mbili, na kobalti inapokuwa haitumiki inashushwa ndani ya kisima cha maji chenye kina cha mita kadhaa. Sasa tazameni: kobalti-60 hupungua nusu kila baada ya miaka 5.27, yaani inapoteza asilimia 12 hivi kwa mwaka, iwe umepitisha nyama au umekaa bure. Jenereta ukilizima halili mafuta, kobalti haizimiki. Mwenye kiwanda anahitaji mzigo usiku na mchana, na nyama ya Kanda ya Ziwa inayogandishwa na kufungwa rasmi haiwezi kukijaza peke yake. Angelazimika kuchanganya na viungo, vifaa vya hospitali, vifungashio na kadhalika.

Mashine ya elektroni inazimika kwa swichi, ila miale yake inaingia sentimita nne hivi tu ndani ya nyama kwa upande mmoja. Ukigeuza pakiti unafika karibu nane. Inafaa kwa chapati za nyama ya kusaga zilizopangwa bapa, haifai kwa katoni nene ya kuku. Gama inapita katoni nzima, ingawa ya nje inapata kipimo kikubwa kuliko ya katikati, ndiyo maana kila mzigo unawekewa vipimo vidogo ndani na nje kuthibitisha kwamba ya katikati imepata ya kutosha na ya nje haijazidishiwa.

Marekani kwenyewe njia haikuwa tambarare. Nyama ya kusaga iliyogandishwa na kupitishwa kwenye mionzi ilianza kuuzwa Minnesota mwezi Mei 2000, na kufikia Januari 2004 kampuni ya SureBeam, iliyokuwa mbele katika mashine hizo, ilikuwa imefilisika. Sayansi ilikuwa upande wao. Wanunuzi hawakuwa wengi wa kutosha.

Ukara_Kisiwani

Na lebo? Nikinunua nitajuaje?

Mnofu_wa_Ziwa

Kuna alama ya kimataifa, duara la kijani lenye mfano wa majani mawili ndani yake na mstari wa juu uliokatikakatika, pamoja na maneno ya kueleza kwamba chakula kimepitishwa kwenye mionzi. Kwetu usalama wa chakula uko TBS, Shirika la Viwango, tangu mwaka 2019, na mtu yeyote atakayetaka kuileta bidhaa ya namna hiyo lazima aanzie kwao kabla hajachapisha mfuko hata mmoja. Mimi ningeiandika kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Wakuu, nimemaliza kuandika jibu langu kwa mteja, nawawekea yaliyomo. Nimemwambia kwamba njia anayoitaja ni halali kisayansi na kwa nyama ya kusaga ni bora kuliko nyingi ninazozijua. Kwamba kwa sasa sina pa kuipeleka nyama yangu. Na kwamba hata ningekuwa napo, friza ya gari lililompelekea mzigo ilikuwa na tatizo ambalo mionzi isingelitibu. Nilipochukua kumbukumbu za kipimajoto cha gari nilikuta nyuzi 2 juu ya sifuri kwa muda wa saa tatu karibu na Bunda. Dereva alikuwa amezima mashine ili kuokoa mafuta. Nimeacha kununua vipande vinavyobaki mabuchani baada ya kukata steki, ambavyo ndivyo nilivyokuwa nasaga. Sasa nasaga paja zima, la ng'ombe mmoja kwa kila bechi, na namba ya bechi inaandikwa kwenye katoni. Nimemwomba pia mpishi wake awe na kipimajoto cha kuchoma, nyama ya kusaga ifike nyuzi 71 katikati, badala ya kuangalia rangi. Ameniagiza katoni tatu za majaribio. Hapo awali zilikuwa thelathini.

Bucha_Igoma

Mkuu, zile katoni kumi na nne zilizorudishwa ulizipeleka wapi? Nakuuliza kwa sababu kuna mtu alikuja hapa Igoma wiki ile akiniuzia nyama ya kusaga ya friza kwa bei ya kutupa.

Mnofu_wa_Ziwa

Zangu zilifukiwa mbele ya mkaguzi wa halmashauri, zikamwagiwa chokaa, na karatasi yenye sahihi yake ninayo. Sitakuficha kwamba wazo la kwanza lililonijia nilipoisoma ile barua lilikuwa kutafuta mionzi ili nizinusuru zilezile. Huyo aliyekuja kwako alikuwa na namba ya bechi kwenye katoni?

Bucha_Igoma

Hazikuwa na katoni, mkuu. Zilikuwa kwenye mfuko wa sandarusi. Sikununua.